Kocha wa Watani Kwenye Basi la Shiling

Juzi, hapa Guangzhou, tulikodi basi twende Shiling kununua mikoba, Watanzania watupu. Njiani mwalimu mmoja mstaafu akasimama na kuinua kitabu chake kipya.

"Jamani, makocha wetu wa zamani wa soka wote wamo humu. Kimetoka mwezi huu!"

Mfanyabiashara mmoja alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sijawahi kuliona mji huu. Kisha akaifungua sura inayomhusu kocha wa timu ya watani zake, akaing'oa na kuitupa sakafuni.

"Mzigo wangu unapimwa kwa kilo, Mwalimu. Huyu simlipii nauli."

Mwalimu aligeukia dirishani kama mtu anayechomwa sindano. Mama mmoja wa Kariakoo, shabiki wa hao watani, akaziokota zile kurasa, akazikumbatia.

Jioni tukirudi, yule mfanyabiashara alikuwa akisoma sura ya kocha wake. Akarudia ukurasa, kisha akageuka nyuma.

"Mama, naomba zile kurasa."

"Umeanza kumpenda?"

"Aka! Ila bila yeye, wetu anamfunga nani?"

"Subiri. Nimefika pale anapowafunga nyinyi."

"Haya, soma kwa sauti."

Akasoma. Basi zima likanyamaza kama mtaa wetu enzi zile, redio moja dirishani na sisi tumechuchumaa ukutani. Bao la watani lilipoingia, jamaa alishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akacheka.

Mimi pia ni wa timu yake. Sijawahi kufungwa nikafurahi namna ile.