Mikono Ikisimama kwa Teresia

Siku ya kwanza kuingia ghala la Teresia pale Karurumo, nilidhani nimekosea mlango. Nilikuwa nimeambiwa kuna sinema. Nilichokikuta ni akina mama kama thelathini kwenye mabenchi ya zamani ya kanisa, kila mmoja na ungo wa maharagwe mapajani na mkebe miguuni. Wanachambua. Jiwe likipatikana linatupwa mkebeni, ting! Haragwe bovu, ting! Na mbele yao, kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, mwanamume wa Kikorea anakimbizwa na gari jeusi kwenye mvua.

Kando ya shuka alisimama Teresia na maiki yake. Yeye ndiye aliyekuwa akituambia yule mwanamume anasema nini. Kikorea hajui. Hata mimi sijui, na niko kidato cha tatu kule shule ya Kaaga, Meru, ambako tunajiona tunajua kila kitu. Lakini Teresia alisema yule mtu anaitwa Koome, amemwazima rafiki yake gari na sasa gari hilohilo linamfuata, na watu wote wakaamini, nami nikaamini.

Teresia ana miaka arobaini na mmoja. Wiki nzima anauza mbegu na dawa za mifugo katika kibanda chake kando ya barabara. Jumamosi saa nane mchana anafunika madirisha ya ghala kwa magunia na kuwa mtu mwingine. Filamu anazozipenda ni za hofu na upelelezi, zile za mtu kuwindwa. Kabla hajatusimulia, huitazama filamu nyumbani mara tatu, na mara ya tatu huitazama akiwa amefumba macho.

"Sasa utaona nini?" nilimuuliza.

"Hofu huingilia masikioni, mtoto wa shule. Macho unaweza kuyaficha kwa leso. Sikio utalificha na nini, na mikono iko na kazi?"

Likizo ile nilikuwa nikimsaidia kupanga mabenchi, na kila Jumamosi alinifungulia siri moja. Niliduwaa kila mara. Aliniambia filamu hizi zina desturi zake, kama mahari ilivyo na desturi zake.

"Si umeona siku ya mahari wasichana wakifunikwa leso kutoka kichwa mpaka miguu, bwana harusi atafute wake? Kila mtu anajua atampata. Hata yeye ameshachungulia viatu. Lakini akinyoosha mkono, uwanja mzima unaacha kupumua. Kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe, akivuta benchi:

"Kwa sababu tunajua desturi. Usipoijua, huna cha kungoja. Na hofu ni kungoja tu."

Tangu hapo nikaanza kuziona hizo desturi. Kwanza anaruka paka, watu wanapiga kelele, wanacheka, wanalegea. Ndipo kinakuja kile cha kweli, kwa sababu mtu aliyelegea hana ngao. Muziki unanguruma chini kwa chini mpaka unausahau, halafu unakatwa, na ule ukimya unakushika shingo. Simu inakosa mtandao. Yule mwema kupita wote ndiye wa kuogopwa. Na kubwa kuliko yote, sisi tunaonyeshwa kisu, lakini mwenye kuchomwa haonyeshwi. Tumefanywa mashahidi tusioweza kusema. Nilikuwa nimetazama filamu kama hizo miaka yote nikidhani moyo wangu unadunda wenyewe. Kumbe kuna mtu aliketi mahali akaupangia.

"Na utajuaje umewapata?" nikamuuliza.

"Sikiliza mikebe. Ikinyamaza yote, mikono imesimama. Nimewakamata."

Hayo aliyapata kwa baba yake, Mzee Ireri. Teresia alipokuwa mdogo, msimu wa mavuno watoto wote walikaa jikoni kuchambua maharagwe, na baba akiwasimulia hadithi za majitu. Sheria ilikuwa moja: mikono ikisimama, hadithi inasimama. Jitu limefika mlangoni, mtoto mmoja ameduwaa, Mzee ananyamaza. "Mikono imesimama," anasema, na hasemi lingine mpaka kazi ianze tena. Teresia anasema hakuna filamu iliyowahi kumtesa hivyo.

Tatizo ni kwamba mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa anataka kumfungia sinema. Ghala ni lake. Siku hizi ni mzee wa kanisa, na alikuwa amesikia kwamba binti yake anawatisha mama za watu kwa mauaji ya kigeni. Akatuma neno: Jumamosi atakuja kujionea mwenyewe. Akikuta ni kelele tu, atauchukua ufunguo palepale, na Jumatatu ghala litarudi kuweka mahindi.

Jumamosi hiyo Teresia hakula chakula cha mchana. "Si ghala tu," aliniambia akikunja shuka mara ya tatu bila sababu. "Pesa za mbegu zinanilisha. Hii kazi ndiyo najijua nayo. Na sina mahali pengine pa giza."

Mzee Ireri akaingia na koti lake na fimbo, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Shosho Winfred, bibi mkongwe ambaye haogopi mtu Karurumo nzima, akamwekea ungo na mkebe.

"Hapa hakuna mgeni wa kukaa bure, Mzee."

"Mimi nimekuja kuangalia, sikuja kuchambua."

"Basi angalia ukichambua. Ama mikono imezeeka?"

Watu wakacheka. Mzee akaupokea ungo.

Filamu ilikuwa ya daktari mmoja anayeishi peke yake kwenye ghorofa. Teresia akamwita Njoki. Kuna mlinzi wa nyumba hiyo, mpole sana, anambebea mizigo na kumuuliza habari za mama yake. Huyo akaitwa Mutwiri. Alipotabasamu mara ya pili, Kiambi wa bodaboda akapiga kelele kutoka kando ya dirisha: "Huyo ndiye! Mtu hawezi kuwa mzuri hivyo bure!"

"Nyamaza wewe," Shosho Winfred akamjibu, "wewe hujawahi kuwa mzuri hata mara moja, na bado hatujakushuku."

Halafu tukaonyeshwa ufunguo wa pili mfukoni mwa Mutwiri. Njoki hakuuona. Ghala zima likaguna. Paka akaruka kutoka kabatini, tukapiga mayowe, tukacheka. Nikajua sasa kinakuja cha kweli, nikajua kabisa, na kujua hakukunisaidia hata kidogo. Njoki amezima taa, amelala. Nyayo kwenye ngazi. Muziki ukakatika.

Mikebe ikanyamaza. Yote isipokuwa mmoja. Nyuma kabisa: ting. Ting. Ting. Mzee Ireri alikuwa akichambua kama mtu aliye peke yake jikoni kwake. Teresia akageuka kuangalia nyuma.

Na hapohapo stima ikapotea.

Giza likatujaa machoni. Mashine ya kurusha picha ikapoa ikilia kama mbu, maiki ikafa. Watu wakaguna, benchi likakwaruza sakafu.

"Nishushe magunia tupate mwanga?" Kiambi akauliza.

"Shusha," ikasema sauti ya Mzee Ireri. "Mchezo umeisha. Teresia, leta ufunguo."

Kisha Teresia, bila maiki, kwa sauti ndogo tuliyolazimika kuinama mbele kuisikia:

"Acha gunia, Kiambi. Njoki naye yuko gizani."

Hakuna aliyesogea.

"Amesikia nyayo," akasema. Na tukazisikia! Sandali zake zilikuwa zinaburutwa polepole sakafuni, ngazi moja, ngazi ya pili. "Anajiambia ni jirani. Jirani anaishi ghorofa ya chini. Hizi zinapanda." Sandali zikapita karibu nami. Nilijua ni Teresia. Niliyapanga naye hayo mabenchi! Lakini nikakunja miguu. "Zimepita mlango wa kwanza. Zimepita wa pili." Zilikuwa zinaelekea nyuma, kwenye mlango wa ghala. "Zimefika kwake."

Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu sana.

Halafu chuma kikaingia katika chuma. Ulikuwa ufunguo wa ghala, ule wenyewe, ukiingizwa kwenye kufuli la mlango hatua mbili kutoka alipoketi baba yake. Ukazungushwa taratibu. Krrr. Krrr.

Ndipo nikagundua kwamba sijasikia ule mkebe wa nyuma kwa muda. Hakuna ting. Hakuna chochote. Teresia naye alikuwa amegundua, kwa sababu ufunguo ulisimama katikati.

"Mikono imesimama," akasema.

Fimbo ya Mzee ikagonga sakafu.

"Endelea," ikasema sauti ya Mzee.

"Mikono imesimama, Baba."

"Huyo msichana yuko nyuma ya mlango ama yuko kitandani? Teresia! Yuko wapi?"

Shosho Winfred akawa wa kwanza kulipuka. "Chambua, Mzee! Unatuchelewesha!" Na ghala zima likafuata, Kiambi akigonga ukuta: "Mzee, chambua! Chambua!"

Ting, ikasikika nyuma. Ting. Ting. Haraka haraka.

Ufunguo ukazunguka. Teresia akatumalizia filamu yote hivyo, gizani, kwa sandali, kufuli na pumzi yake. Njoki hakuwa kitandani. Alikuwa nyuma ya mlango na sufuria ya uji wa moto, na uji huo ulipommwagikia Mutwiri, akina mama walishangilia mpaka mabati yakatetema. Baadaye niliitafuta ile filamu kwenye simu. Hakuna uji. Mwisho wa Teresia ni bora.

Kiambi aliposhusha magunia, mchana ulituchoma macho. Mzee Ireri alikuwa ameduwaa juu ya ungo wake. Tukasogea kuangalia. Kwenye ungo kulikuwa na mawe, makapi na maharagwe yaliyooza. Mkebe ulikuwa umejaa maharagwe mazuri mpaka juu.

Teresia alikuja mbele yake akanyoosha mkono na ufunguo.

Mzee akautazama ufunguo, akaitazama kazi yake. Akachukua mkebe, akaumimina wote juu ya mawe, akauchanganya ungo kwa vidole vyake viwili.

"Hii siwezi kuipeleka nyumbani hivi," akasema akiinuka na fimbo yake. "Niwekee hapo pembeni. Nitaichambua upya Jumamosi."