Santuri Iliyofukizwa Udi

Mjomba aliikumbatia ile santuri kutoka dukani Bondeni hadi kwetu Kibokoni kama mtu aliyekabidhiwa bibi harusi. Hapo ndipo aliponipa wazo, ingawa kosa si lake.

Ilikuwa ya nyimbo za kale za harusi zilizopigwa kwa gitaa. Ile aliyokuwa nayo zamani ilivunjika vipande siku ya kuhama nyumba, na tangu hapo hakumpa mwenye duka raha. Mwishowe zikatolewa upya, chache mno, na Mombasa zikafika za kugombaniwa. Hizi mpya ni za plastiki. "Hata uiangushe, haivunjiki," mwenye duka alijigamba. Habari ya moto hakuitaja.

Si gitaa alilolitaka Mjomba. Kwenye wimbo wa mwisho wanawake wanaitikia, na mmoja wao ni mkewe, marehemu. Sauti yake haiko pengine popote. Hata hivyo hakuipiga siku ile. Alisema angoja Ijumaa, atoke msikitini na kanzu yake safi, ndipo akae naye.

Sasa, mimi mtaani najulikana kwa kuiga watu. Mwalimu wetu wa hesabu namwiga mpaka kikohozi chake. Jioni ya Alhamisi Mama alikuwa akifukiza nguo za Ijumaa: chetezo cha makaa na udi chini, tundu la ukindu, mfano wa kikapu kilichopinduliwa, juu yake, nguo zikitandazwa. Alipokwenda jikoni, niliwageukia binamu zangu wawili.

"Jamani, bibi harusi hajafukizwa!"

Nikaitoa santuri kwenye jalada, nikailaza juu ya tundu, nikaifunika leso. Binamu mmoja akapiga kigelegele. Mimi nikawa somo, kungwi wa bibi harusi, sauti ya puani: "Tulia mwanangu, udi ukuingie vyema!" Tulicheka hadi machozi.

Nilipoifunua, ukingo ulikuwa umejikunja kama chapati.

Usiku kucha niliilalisha chini ya atlasi ya shule, mara yangu ya kwanza kuipa atlasi ile kazi. Haikunyooka. Asubuhi nikakimbia Bondeni. "Zimekwisha," mwenye duka akasema, hata salamu yangu hajaitikia.

Baada ya sala Mjomba aliitoa kwenye jalada, akainusa.

"Nani amemtia udi?"

Binamu zangu wakaniangalia. Hapakuhitajika shahidi mwingine.

Aliiweka kwenye gramafoni vivyo hivyo. Sindano ikapanda na kushuka, gitaa likayumba kama mlevi. Ulipofika wimbo wa mwisho, sauti za wanawake zilivimba, zikanywea, kama watu wanaocheka ndani ya kisima. Mjomba akainamisha sikio.

"Siye," akasema. Akainua sindano.

Mama akanivaa. "Mtoto huyu wallahi hana haya! Hana—"

"Mwache, dada." Mjomba akanitazama. "Wewe si waiga kila mtu? Haya. Mwige yeye alivyokuwa akikupigia kelele ukimwibia maembe."

Nilidhani anatania, nikatabasamu. Hakuwa akitania.

Nikashika kiuno. "We mwizi! Hebu nawa mikono kwanza, embe halikimbii!"

Mjomba alifumba macho. "Tena."

Siku hizi kila Ijumaa huniita, huniwekea halua na kahawa kama mgeni wa heshima. Mama husimama mlangoni akisikiliza. Maneno ya marehemu niliyoyakumbuka yaliisha zamani: ya maembe, ya viatu vyangu vyenye matope, ya mkia wa paka wake. Ijumaa iliyopita nilijikuta sina hata moja. Nikamtungia. Nikamfanya amlalamikie muuza samaki, kitu ambacho sikumsikia akikisema kamwe, nikaongeza na kicheko mwishoni.

Mjomba alijipiga paja kwa furaha.

"Ndiye," akasema. "Ndiye hasa huyo."