Chura wa Mama Kipaza

Sokoni walimwita Mama Kipaza, wala hawakumwonea. Akinadi mitumba yake, "Mashati haya!", hata mtu aliyekwisha kuvaa shati aligeuka.

Nyumbani sauti hiyohiyo ilikuwa na kazi ya pili, kumsemea mjukuu wake. Mtoto akitupia jicho ndoo, bibi keshasema, "Anataka maji." Akijikuna kichwa, "Anataka kusukwa." Basi mtoto naye akaona ya nini kujichosha. Mpaka shule ikasema wazi kwamba asipoweza kuomba mwenyewe hata ruhusa ya kwenda chooni, mwakani haanzi. Mama Kipaza akakosa usingizi.

Ndipo akampeleka kwa mtaalamu wa usemi, kijana mpole mwenye viti vifupi na kompyuta. Kwenye kompyuta kulikuwa na mchezo wa chura aliyekaa juu ya jani. Ukitoa sauti kwenye maikrofoni, anaruka jani la mbele. Ukinyamaza, anakodoa macho tu.

"Haya, mwambie aruke," kijana alimwambia mtoto.

Mtoto akafungua mdomo.

"Ruka!" bibi akadakia. Chura akaruka.

"Mama, tafadhali. Mwachie mtoto."

"Nimemsaidia kidogo tu, baba."

Akajiziba mdomo kwa mtandio. Mara kikohozi kikamponyoka, na chura huyo, jani jingine. Kijana akamtoa nje kwa heshima zote, akafunga mlango.

"Mjukuu wangu, usiogope!" sauti ikapenya mlangoni. Chura akatua jani la mwisho, akavikwa taji. Kompyuta ikapiga makofi, kisha ikamrudisha jani la kwanza.

Mtoto akamtazama chura. Akatazama mlango. Akashuka kitini, akaufungua.

"Bibi, nyamaza! Chura wangu!"

Nyuma yake, kwenye kompyuta, chura akaruka.

"Umemsikia?" kijana akamuuliza Mama Kipaza, akicheka.

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?" akajibu kwa kunong'ona, machozi yakimlenga. Safari hii chura hakutikisika.

Wakati wa kurudi walipita dukani. Mtoto akazikodolea macho chupa za maji. Bibi akabana midomo, mashavu yakamvimba, mkono ukakamata shavu kuzuia neno lisitoke.

Mwenye duka akashtuka. "Vipi leo, Mama Kipaza? Jino linakuuma?"

"Haumwi," mtoto akasema. "Mimi nataka maji."