Mihogo Niliyoiapia

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu jana umenirudishia sauti yangu mwenyewe. Nilikuuliza kama maji ya kunywa umeyachemsha, ukanijibu, "Haki ya Mungu mama, mia kwa mia, yametokota mpaka basi!" Nikacheka, maana nakupenda. Kisha nikaenda kukaa jikoni peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, naishi kwa bibi huku Tingi. Kichwa kimejaa ndoto: cherehani, duka langu Lindi mjini, kibao chenye jina langu. Na mdomo umejaa viapo. Hata jua likichomoza niliapa kwamba limechomoza.

Mwaka huo mvua ilikata, tukala mihogo michungu. Hiyo hulowekwa siku tatu, ikaanikwa ikakauka, ndipo itwangwe. Ukiifanyia haraka ni sumu. Kazi hiyo bibi alinipa mimi. Kesho yake tu nikaiopoa, kwa kuwa jirani alikuwa na harusi, nami nilitaka kwenda ngomani na mikono isiyonuka muhogo.

Bibi alipoushika unga, aliunusa. "Somoe, siku tatu zilitimia?"

"Wallahi bibi, tatu kamili! Nife hapa nilipo!"

"Mbona viapo vingi? Nimeuliza siku tu."

"Jamani bibi! Kweli tupu!"

Akanitazama, akainjika sufuria.

Adhuhuri tukala. Alasiri nyumba nzima tunatapika. Sisi wakubwa tulipona. Mdogo wangu Shabani, wa miaka minne, aliyekuwa akinifuata kama mkia, nilimpakata kwenye bodaboda kwenda zahanati. Akakata roho njiani, kichwa chake kifuani pangu.

Baada ya matanga nilimwambia bibi ukweli. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Aliyeloweka siku tatu hujibu 'tatu', akanyamaza. Ulipoapa, moyo wangu ulijua. Nikajilazimisha kuamini, kwa kuwa ni wewe, na njaa ilikuwa inauma. Mzigo huu tutaubeba wawili." Akaubeba mpaka kaburini. Mimi bado ninao.

Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Na neno la kweli ni hivyo hivyo, halihitaji wapambe. Ukifanya, sema nimefanya, basi. Hukufanya? Sema sijafanya. Nitagomba, ndiyo, unanijua. Chakula kitachelewa, lakini tutakula wote na kesho tutaamka wote. Mimi niliapa nife mimi. Akafa ambaye hakusema neno.

Mungu akujaalie ulimi usioona haya kusema "bado". Wadogo zako wakufuate nyuma miaka mingi, wakue, wakuzike wao, si wewe uwazike. Amina.

Haya, nenda ukayachemshe yale maji. Sikuulizi tena.