Joto la Mota

Fundi alikuwa amesuka nyaya za mota za mtaa mzima kwa miaka thelathini, za pampu, za feni, za mashine za kusaga, na alikuwa mbishi ajabu. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza. Wenzake wakambandika jina la Injinia Milele, naye akalipenda, hebu fikiria!

Mkewe alikuwa mgonjwa wa mapafu. Pumzi yake ilitegemea mashine ya oksijeni, na umeme wa mtaa huo, jamani, ulikatika ulivyotaka. Ukikatika, kulikuwa na betri moja kubwa ya kumvusha kwa saa mbili. Ndipo Fundi akaamua kumuundia umeme usiokatika: mota izungushe dainamo, dainamo iilishe mota, basi, hadi kiama.

"Baba, haiendi hiyo," alisema binti yao, mwalimu wa fizikia. "Nishati haizaliwi wala haipotei, inabadilika tu. Kila mzunguko, kiasi kinageuka joto."

"Na jua je? Nani analilisha?"

"Linajila lenyewe. Linaunganisha viini vya hidrojeni, na kila sekunde linapungua tani mamilioni. Hata jua halipati cha bure."

Mkewe akacheka kwa shida. "Hata ndoa yetu haijawahi kwenda bila mtu wa kuisukuma."

Asubuhi moja, binti akiwa kazini, Fundi aliiwasha mitambo yake sebuleni kwa betri ile ile. Ataichaji jioni, alijisemea. Alipochomoa waya wa betri, gurudumu zito la mitambo likaendelea kuzunguka dakika tatu nzima.

"Mama watoto, unasikia? Inajiendesha!"

Wapi! Ilikuwa ile kasi aliyoipa mwenyewe, inaisha pole pole. Likasimama. Akalaumu mkanda, akaukaza, akawasha tena. Na tena, hadi saa sita.

Saa sita na robo umeme ukakatika. Akaikokota betri mbio chumbani, akachomeka. Mashine ikatoa mlio mmoja, ikazima.

Akampigia simu binti akatafute mtungi wa oksijeni. Mkewe alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, midomo inabadilika rangi.

"Betri imeisha?"

"Nimeimaliza mimi, mama watoto. Nisamehe."

Akamshika mkono.

Binti aliingia saa saba akihema, mtungi begani. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa, na ndani pumzi zile fupi hazikusikika tena. Baba yake alikaa sakafuni sebuleni, kiganja juu ya mota.

"Ulisema kweli, mwanangu, nishati haipotei," alisema. "Njoo ushike. Bado ina joto."