Nta Aliyozaliwa Nayo Mwanangu

Mwanangu alizaliwa saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, katika kituo cha afya hapa Kasulu, akiwa mweupe mwili mzima kama mtu aliyeangukia unga wa muhogo uliolowa. Shingoni weupe ule ulikuwa mzito, kwapani mzito zaidi, mgongoni umetanda wote. Nesi akamfuta damu kwa kitenge kikavu, akamlaza kifuani kwangu. "Hongera, mwalimu, dume hilo. Asiogeshwe mpaka kesho. Hayo mafuta yaache yalivyo." Nikaitikia, ndiyo nesi. Niliitikia vizuri kabisa, huku moyoni nimekwisha kufa kwa aibu.

Ngoja niwaeleze aibu yenyewe, maana asiyekulia huku anaweza asinielewe. Mtoto akizaliwa na weupe ule, wanawake hutazamana na kuanza kucheka chini chini. Wanasema ni mbegu za baba; eti wawili hao hawakujua kupumzika hata mimba ilipofika mwezi wa tisa. Nilikulia Kibondo, na siku moja nikiwa darasa la sita nilimsikia jirani yetu akitaniwa hivyo kisimani na mawifi zake, mpaka akajitwika ndoo yake nusu akaondoka. Wengine walicheka wakasahau. Mimi utani ule ulinikaa mwilini kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa.

Na mimi ni mwalimu wa kemia. Chekeni kwanza, mmalize.

Tena si kemia tu. Kidato cha tatu na cha nne wananijua kwa somo la mafuta na nta, kwa sababu hapo ndipo ninapopandisha sauti mpaka darasa la jirani wanagonga ukuta. Baba yangu alikuwa mrina asali. Nyumbani tuliyeyusha masega kwenye sufuria la maji, na nta ikipoa ilikuwa inaelea juu, duara la njano, chini yake maji yamebaki maji. Nilikuwa naiinua kwa mikono miwili na kujiuliza hivi vitu viwili viligombana nini. Nilipofika sekondari nikapata jibu, nikalipenda, ndiyo maana niko hapa nilipo.

Basi darasani huwa naleta jani la jimbi, namwagia maji. Tone linaviringika, linadondoka, jani linabaki kavu. Nauliza, nani kalipaka jani hili nta? Nawaambia, limejipaka lenyewe! Jani, nzige, bata, nywele zako, ngozi yako, kila chenye uhai kinajitengenezea grisi yake, kwa sababu maji yakitoka ovyo ni kifo, na yakiingia ovyo ni kifo vilevile. Kisha nachora ubaoni. Asidi ya mafuta yenye mkia mrefu wa kaboni ikishikana na gliseroli, hayo ni mafuta ya kawaida, kama mawese. Ikishikana na alkoholi ambayo nayo ina mkia mrefu, hiyo ni nta. Na mikia hiyo haitaki hata kuonana na maji.

Siku nyingine nilileta gwanji, ile sabuni ya kienyeji inayochemshwa huku kwetu kwa mawese na soda kali. Nikaigusisha karatasi nyekundu ya litmasi. Ikawa ya buluu papo hapo. Nikawaambia wanafunzi, hii ni ya masufuria na sare za shule, usoni kwako usiisogeze, kwa sababu soda iliyozidi haichagui ni mafuta gani iyale. Itakula hata ya ngozi yako. Waliandika kwenye madaftari. Niliyakagua madaftari yale kwa mkono wangu huu huu.

Mchana ule simu ikalia ujumbe. Walimu wenzangu wanakuja wote saa kumi kuona mtoto, akiwemo mwalimu wa Kiswahili, mwanamke ambaye ulimi wake hauna breki. Nikamtazama mwanangu. Weupe ulikuwa umejikunja shingoni, na mgongoni bado ulionekana wazi. Nikamgeukia mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akikunja nepi. Mume wangu alikuwa kazini kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, hajapata usafiri. Nilikuwa na mama huyu tu. Ni mwanamke aliyeingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi, akakulia kwenye kulima na kuuza maharage hapa sokoni Kasulu. Darasa hakuliona. Watoto amezaa saba, na wote wako hai.

"Mama, tumuogeshe."

"Nesi kasema kesho, mukazana wangu." Mukazana ndivyo anavyoniita, mke wa mwanawe.

"Wageni watamwona hivi hivi?"

Akacheka. "Na wamwone. Wao walizaliwa na nini, na suruali?"

Sikucheka. Nikamtolea sauti ambayo sikuwahi kumtolea, ile ninayowatolea wanafunzi wachelewaji. "Mama, mimi ndiye mama wa huyu mtoto. Mimi nimesoma, najua ninachosema. Maji ya moto yako kwenye chupa."

Nimesoma. Jamani, hilo ndilo neno nililolitumia.

Hakubishana. Alimbeba mtoto, akachukua karai, tukaingia kwenye chumba cha kuogea nyuma ya wodi, mimi nikijikongoja kwa kushika ukuta. Dirisha la chumba kile halikuwa na kioo, na upepo wa mwezi wa saba huku milimani mnaujua. Akachanganya maji, akapima kwa kiwiko, akaanza kumpangusa taratibu kwa kitambaa laini. Weupe haukutoka. Maji yalikuwa yanateleza juu yake yanaanguka. Nami nikasimama pale, mwalimu mzima wa nta, nikakasirika kwamba nta haitoki kwa maji!

"Tia sabuni," nikasema.

"Sabuni ya mtoto hatukuileta. Iko hii gwanji ya kufulia nepi."

"Tia hiyo hiyo."

Alinitazama. Nayakumbuka macho yale kuliko ninavyokumbuka uchungu wa kuzaa. Kisha akaitia kidogo sana mkononi, akaipunguza kwa maji, akampaka. Na weupe ukaanza kuyeyuka. Mimi niko mlangoni naelekeza: hapo kwapani bado, mama, na nyuma ya masikio, na mapajani, sugua. Mtoto alilia sana mwanzoni. Baadaye akalia kidogo. Nikasema, unaona, ameshazoea.

Tulimkausha, tukampaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nikamvika sweta la njano. Aling'aa kama picha ya kalenda. Walimu walipofika walipiga vigelegele, wakampokezana, wakasema mtoto msafi, mtoto kazaliwa kaoga. Nilitabasamu. Haki ya Mungu nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyeingiza kidole ndani ya soksi ya mtoto. "Madam," akasema, na safari hii hakutania, "mbona miguu ni ya barafu?"

Nikamchukua. Nikamwekea ziwa mdomoni, mdomo ukabaki wazi, haunyonyi. Nikamwita, nikampiga piga shavu, macho hayakufunguka. Tumbo nikaligusa, nalo baridi, tumbo la mtoto niliyemtoa mwilini mwangu akiwa moto asubuhi ile ile! Sijui nilipiga kelele gani. Naambiwa wodi nzima iliinuka na mama mkwe akasema "Mana yanje!" yaani Mungu wangu, mara moja tu, akakimbia kumwita nesi kwa miguu yake mitupu.

Nesi aliingiza kipimajoto kwapani, akasubiri, akakitazama, akakirudisha tena. Hakikufika thelathini na tano. Akaanza kumvua nguo haraka haraka. "Wageni nje! Mwalimu, fungua kifua." Akamlaza mtoto mtupu juu ya ngozi yangu, kofia kichwani, akatufunika kwa mablanketi mawili na kitenge juu. Mtoto alikuwa mzito na mlegevu, kama kitambaa kilicholowa bila kukamuliwa. Ndipo nesi akamnusa nywele. Akanusa tena. Akainuka polepole.

"Nani kamuogesha huyu mtoto?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema mama mkwe.

"Kwa gwanji?"

"Kwa gwanji."

Basi nesi alimwaga yote. Kwamba yale mafuta meupe ndiyo koti la mtoto, kayatengeneza mwenyewe tumboni, yanazuia ngozi isikauke, yanazuia vijidudu, na kwamba mtoto mchanga akilowa na kupigwa na upepo joto lake linakwenda na yale maji, mpaka anashindwa hata kunyonya, mpaka anazima. Kwamba mwaka hadi mwaka wao wanasema, na mwaka hadi mwaka wazee wanaua watoto kwa ujinga na imani zao chafu. Mama mkwe alisimama mikono nyuma, kichwa chini, akisema ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, kwa binti ambaye angeweza kumzaa. Kila alilosema nesi mimi nililijua. Nililijua kwa majina ya asidi zake. Mwisho akanigeukia mimi, sauti ikalainika.

"Na wewe mwalimu, umesoma. Waelimishe hawa wazee wetu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu na sikutaka kupoteza hata moja. Ndivyo nilivyojitetea moyoni wakati ule.

Nesi akaamuru mama mkwe atoke, asimguse mtoto tena mpaka turuhusiwe. Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, upepo wote unampiga. Mimi nikabaki na kile kifurushi cha baridi kifuani. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiha, nikamwahidi mambo ambayo sijayatimiza hata nusu. Jua lilikuwa linashuka dirishani. Hofu ya mtu kufa nilikuwa naijua; hofu kwamba umemuua wewe mwenyewe, kwa sababu hukutaka kuchekwa, hiyo nilikuwa siijui, na sitamani adui yangu aijue.

Kwanza mgongo wake ukaacha kuwa baridi. Kisha vidole vya mguu vikajikunja kwenye tumbo langu. Muda mrefu baadaye akageuza kichwa, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akanyonya. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikalia kwa sauti. Nesi akaja akapima, akasema ashukuriwe Mungu, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama mkwe alichungulia mlangoni. Nikamwita kwa mkono. Aliingia akinyata, hakumgusa mtoto, aliinama tu akamsikiliza anavyomeza.

"Mama," nikanong'ona, "nesi akirudi nitamwambia ukweli. Ni mimi niliyekulazimisha."

"Usithubutu." Alisema kwa ukali ambao sikuujua kwake. "Ukimwambia, kesho Kasulu nzima inajua, na wanafunzi wako nao wanajua. Utasimamaje mbele yao? Mimi sina darasa. Mimi wakiniita mjinga ni jina nimelibeba tangu utoto, halinichubui." Akaniwekea kitenge vizuri begani. "Nyamaza, mukazana wangu. Lea mtoto."

Mtoto sasa anatembea na kuvunja vikombe. Nesi akikutana na mama mkwe wangu sokoni, mpaka leo, humwambia mbele ya wateja, bibi usiogeshe watoto wa watu ovyo, naye hucheka na kumwongezea maharage. Watu wakiniuliza siku ile nilishtushwa na nini, nasema ubaridi wa mwanangu. Si kweli. Kilichonishtua ni mimi mwenyewe, kwa sababu mama yule aliponiambia ninyamaze sikubisha hata kwa neno moja. Nilimshika mkono na kumwambia asante.