Gauni la Masale

Watu wa Majengo wakiniletea vitambaa vya sare za harusi, wananitazama usoni kwanza, halafu wanauliza: "Samahani dada, si wewe yule uliyevaa majani?" Ndiyo, ni mimi. Nilivaa majani. Niliimba pia, lakini hilo hakuna anayelikumbuka, na wimbo wenyewe nikiusikia redioni nabadilisha stesheni kabla haujafika kwenye kiitikio.

Wakati ule mchana nilikuwa nashona, jioni naimba kwenye kumbi za sendofu, na nguo za jukwaani nabuni mwenyewe. Nilijiona nimekamilika. Mtu akiniita fundi cherehani nilikuwa namsahihisha hapo hapo: mimi ni msanii na mbunifu wa mavazi, tafadhali. Mdomo nilikuwa nao, jamani.

Nikarekodi wimbo wa msichana anayemwomba mpenzi wake msamaha. Kijana aliyekuwa dairekta wa video akaniuliza, "Kwenu Uchagani watu wanaombana msamaha vipi?" Nikamweleza habari ya isale. Ni jani refu la kijani. Unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, unakubali kosa lako, na yeye hata awe na hasira ya namna gani hawezi kulikataa. Yule kijana akaruka kwenye kiti. "Basi livae!"

Nikaona Mungu amenijibu. Gauni zima la masale, jani kwa jani limeshonwa kwa mkono kwenye neti, na nyuma yangu ukuta wa masale mazima yenye mizizi, yamesimama kwenye ndoo. Na nilijua pa kuyapata. Nyumbani kwetu Rombo yalikuwa yamejipanga kutoka barabarani mpaka korongoni, kati ya kihamba chetu, yaani shamba letu la urithi, na cha baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Kila Mchagga anajua mstari wa namna ile ni nini. Mimi pia nilijua, kama vile nilivyozijua amri kumi.

Nilipanda kwenda nyumbani Jumapili, mama akiwa misani. Nikachukua jembe lake mwenyewe. Baba mdogo alikuwa upande wake anamkatia ng'ombe wake migomba. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya video. Weee, akafurahi huyo! Akaenda kuleta sururu. "Chukua yote mwanangu," akasema, "yataota mengine." Tukang'oa pamoja, mimi naimba, yeye anaitikia. Nikiikumbuka sauti yake akiitikia natamani kujipiga kofi.

Mama aliporudi alisimama uani na rozari yake mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yako wapi?" Gari lilikuwa limeshateremka nayo. Nikamwambia nitayarudisha, mama, ni kazi ya siku tatu tu. Sikuyarudisha. Nilikuwa na mahojiano, nilikuwa na picha za kupiga, na masale yakafia kwenye ndoo nyuma ya studio.

Gauni lilipendeza, siwezi kusema uongo. Siku ya kwanza. Siku ya pili majani yakaanza kujikunja, ya tatu nikalitupa. Video ilichezwa wiki chache. Kuna waliopiga simu kutoka Dar wakitaka gauni kama lile, nikawashonea la kitambaa cha kijani nilichokifuata Tarakea, wakasema hili silo. Walikuwa na haki, halikuwa lenyewe. Nyimbo mbili zilizofuata hata wadogo zangu hawakuzisikiliza. Siku hizi nashona sare za shule, na anayeniita fundi simsahihishi.

Mwezi haukuisha, baba mdogo akapanda masale mapya. Hakuwa mchoyo, alipanda mstari mzuri ulionyooka, ila aliupanda hatua kumi ndani ya kwetu. Kaburi la baba likawa upande wake.

Mama akaita ukoo. Wazee wakaja, mbege ikanywewa, nikasimamishwa kuwa shahidi kwa sababu mwenye kung'oa ni mimi. "Mstari ulipita upande gani wa mparachichi?" Nikasema kushoto. Halafu nikasema kulia. "Kutoka kaburini ni hatua ngapi?" Siku ile nilikuwa naangalia urefu wa majani, sikuangalia yalipokuwa yamesimama. Baba mdogo akaniokoa kwa upole kabisa: "Msimlaumu binti yetu, yeye ni msanii." Wazee wakacheka, na kesi yetu ikaishia kwenye kile kicheko. Mama peke yake hakucheka.

Tangu siku ile mama hajawahi kuuita mstari ule mpaka. Anauita majani ya shemeji. Mbuzi ameingia kwenye majani ya shemeji. Kuku ametaga kwenye majani ya shemeji. Kila Novemba, watu wanapowaombea marehemu, alikuwa anachukua jembe na mshumaa, anapita katikati ya majani hayo kwenda kupalilia kaburi la mumewe, na baba mdogo akimpigia kelele kwamba hajabisha hodi, anamjibu bila kugeuka, "Kwangu sibishi hodi." Miaka yote hiyo hakunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu miguu imemkataa. Ni presha, na sasa figo, na daktari ametuambia tukampumzishe nyumbani. Tukamwelewa. Mama mwenyewe alielewa kabla yetu. Akanishika mkono akasema, "Mnilaze kwa baba yenu." Na baba mdogo alikuwa ameshatuma neno kwamba kwenye kihamba chake hazikwi mtu bila yeye kuombwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nikainama. Nilikata isale, nikalifunga fundo, nikaenda kupiga magoti uani kwa baba mdogo. Alilitazama jani.

"Hili ni la kweli au la video?"

"La kweli, baba mdogo."

Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe kwa kung'oa mpaka wangu," akasema. "Mama yako atazikwa pale. Nimeruhusu." Na mimi, mjinga wa mwisho duniani, nikamwambia asante.

Nikarudi mbio. Nilitaka mama afurahi. Nilitaka mara moja tu aniangalie kama alivyokuwa ananiangalia kabla ya ile Jumapili. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia, mama, amekubali, utalala na baba.

"Ulimpelekea isale?"

"Ndiyo, mama."

"Ulilikata wapi? Kwetu hayapo tena."

"Pale mpakani."

Nililisikia neno likinitoka na sikuweza kulirudisha. Mama alinitazama, kisha akageukia ukutani.

"Basi," akasema, "nizikeni popote."